Soketi Mbili kwa Kila Bomba: Kisa cha Minyororo Iliyokataa Kurefuka

Picha aliyonitumia mpwa wangu ilikuwa na vijiti elfu moja. Niliikuza kwa vidole kwenye simu, kona baada ya kona, nikitafuta mnyororo hata mmoja wa maana, nikakosa. Vijiti vya bluu vilikuwa vimetapakaa kama dagaa walioanikwa mchangani. Vingi vilikaa peke yake, vingine vimeshikana viwili viwili, vichache vitatu vitatu, na karibu kila kimoja kina nukta nyekundu kwenye ncha zake zote mbili. Nukta hizo zilikuwa atomi za shaba. Chini ya picha ameandika: "Shikamoo mjomba. Imegoma tena."

Yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya sayansi hapa Mwanza. Mradi wake ni uigaji wa kompyuta: anataka kuona jinsi molekuli na atomi za metali zinavyojipanga zenyewe juu ya uso wa metali mpaka ziwe minyororo, bila mtu kuzishika na kuzipanga. Alinijia mimi kwa sababu nafundisha kemia, na kwa sababu ndiye mjomba niliye karibu. Tulihangaika wiki tatu. Kosa la kwanza tulilolikuta lilikuwa hesabu ya kugawa kwa mbili, kitu cha darasa la tatu. Naliandika kwa urefu kwa sababu si kosa la uzembe. Alilifanya kwa kufikiri vizuri, akaishia nusu ya njia, na mimi niliyepaswa kuliona nikamsukuma mbele zaidi.

Kwanza jambo lenyewe. Chukua molekuli iitwayo bipiridini. Ni pete mbili zilizoungana kwa mstari mmoja, kila pete ina atomi sita, na kwenye ncha za nje kabisa, huku na huku, kuna atomi ya nitrojeni. Nitrojeni hiyo ina jozi ya elektroni isiyotumika popote, imekaa wazi ikitazama nje. Atomi ya shaba ikipita karibu, jozi ile huikaribisha, na bondi inazaliwa. Kwa hiyo molekuli nzima ni kijiti chenye mikono miwili. Shaba nayo, ikiwa juu ya uso wa metali, hutulia ikishikwa na nitrojeni mbili, moja kulia na moja kushoto. Kijiti, shaba, kijiti, shaba, na mnyororo unakwenda.

Ndani ya kijiti, kutoka nitrojeni hadi nitrojeni ni nanomita 0.71 hivi. Ongeza kama 0.2 kwa kila bondi ya nitrojeni na shaba, unapata hatua ya takriban nanomita 1.1 kutoka shaba moja hadi ya pili. Milimita moja ya mnyororo kama huo, ungepatikana bila kukatika, ingebeba atomi za shaba zaidi ya laki tisa, zote zimepangwa kwa umbali ule ule. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Ukiwa na donge la shaba, atomi nyingi zimejificha ndani na hazifanyi kazi yoyote ya kemia. Katika mnyororo kila atomi iko nje, iko peke yake, na unajua jirani zake ni nani. Mtu anayetafuta kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko wa kemia, kisichopoteza metali ataelewa kwa nini watu wanahangaika na vitu hivi.

Kuviona kunahitaji vifaa ambavyo sisi hatuna. Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliitengeneza hadubini ya STM (kwa Kiingereza scanning tunneling microscope) mwaka 1981 katika maabara ya IBM karibu na Zürich, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ni sindano ya metali iliyochongwa mpaka ncha yake inaishia kwenye atomi moja. Husogezwa karibu na uso bila kuugusa, na elektroni huvuka ile nafasi tupu. Sindano ikiinuka nanomita 0.1 tu, mkondo wa umeme hushuka karibu mara kumi, na ndiyo maana inahisi mpaka kimo cha atomi. Kazi hiyo hufanyika ndani ya ombwe ambalo shinikizo lake ni kama mara trilioni 10 chini ya la hewa hii tunayovuta, kwa sababu uso safi wa shaba ukiachwa hewani unafunikwa na uchafu kabla hujakohoa. Dhahabu, ambayo sisi wa Kanda ya Ziwa tunaifahamu zaidi kwa bei yake na kwa malori ya Geita, maabara hizo huipenda kwa kuwa haishiki kutu na uso wake hukaa safi.

Sindano hiyo hatuna, ila kompyuta ya mkononi ipo. Alichofanya mpwa wangu ni kuchora gridi ya mraba yenye nukta 200 kwa 200, yaani nukta 40,000, iwe ndiyo uso wa metali. Kijiti kinachukua nukta tatu mfululizo, shaba inachukua moja. Kompyuta inachagua kipande kimoja kwa bahati nasibu, inajaribu kukisogeza au kukigeuza. Nishati ikishuka, hatua inakubaliwa. Ikipanda, kwa mfano bondi ikikatika, hatua inakubaliwa mara chache, na uchache huo unategemea halijoto. Njia hii ilichapishwa na Nicholas Metropolis na wenzake mwaka 1953, na uzuri wake ni kwamba haihitaji mashine kubwa. Inahitaji subira na umeme usiokatika usiku.

Aliweka vijiti 1,000. Akajiuliza shaba aweke ngapi. Akafikiri hivi: kijiti kina ncha mbili, kila ncha inahitaji shaba, basi vijiti elfu moja vinahitaji shaba elfu mbili. Akaweka 2,000. Nguvu ya bondi akaiweka elektronivolti 0.5 (hicho ni kipimo cha nishati kwa vitu vidogo kama atomi), halijoto kelvini 300, ambayo ni joto la kawaida la mchana wetu. Akawasha, akalala, asubuhi akakuta dagaa.

Nilipoiona ile picha nikasema bondi ni dhaifu. Minyororo mifupi, nikamwambia, ni minyororo inayokatika, ongeza nguvu. Akaongeza mpaka 1.0. Picha ya pili ikaja karibu sawasawa na ya kwanza, isipokuwa sasa hata vile vijiti vilivyokuwa vinatembeatembea vilikuwa vimeganda mahali pake. Tukakaa na picha hizo mbili siku kadhaa. Najilaumu kwa hizo siku, maana dalili ilikuwa mbele ya macho yetu muda wote: nukta nyekundu kwenye ncha zote mbili za kijiti. Mnyororo unaokatika kwa udhaifu ungeacha ncha tupu. Hizi zilikuwa ncha zilizoshiba.

Kilichotufumbua macho ni bomba la maji.

Nyumba ya dada yangu iko Igogo, juu kabisa kwenye mawe. Anayeijua Mwanza anajua maana yake. Huwezi kuchimba mtaro kwenye jiwe, kwa hiyo mabomba yanapanda juu ya mawe, yanapinda, yanashuka tena, watoto wanayakanyaga na jua linayachoma. Jumamosi ile fundi alikuwa anabadilisha laini nzima kutoka chini hadi kwenye tanki, na mimi na mpwa wangu tulikuwa tumekaa kivulini na kompyuta. Fundi, mzee mmoja mpole, alikuwa na kijana msaidizi mwenye haraka. Fundi alipokuwa juu anapima, kijana akaona aisogeze kazi. Akachukua mabomba yote yaliyolala uani, akapaka gundi, akavisha soketi kila ncha, pande zote mbili, bomba moja baada ya jingine. Akayapanga vizuri kwa mstari. Yalipendeza kweli.

Mzee akashuka. Akachukua bomba mbili, akazikutanisha. Soketi ikagonga soketi.

"Sasa hii utaiingiza kwenye nini?" akamwuliza kijana, bila kupandisha sauti.

Kijana akajaribu kuchomoa moja. Gundi ilikuwa imeshakauka.

"Haichomoki hiyo. Lete msumeno."

Mpwa wangu alikuwa ameacha kuandika. Akaniangalia, akaangalia mabomba, akasema polepole, "Mjomba, soketi moja inatumiwa na mabomba mawili."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa kosa la kwanza. Ni kweli kijiti kina ncha mbili na kila ncha inahitaji shaba. Lakini shaba nayo ina midomo miwili, na shaba moja inahudumia ncha ya kijiti hiki na ncha ya kijiti kile. Ukiwapa vijiti elfu moja shaba elfu mbili, kila kijiti kinaweza kuvaa shaba zake mwenyewe huku na huku, kikashiba, na hakina haja ya jirani. Vijiti viwili vilivyoshiba vikikutana ni soketi kwa soketi.

Tulirudi kwenye karatasi palepale, na hesabu yake ni tamu kiasi kwamba naiweka hapa yote. Chukua bondi zilizo imara kabisa, ili kila ncha ya kijiti iwe imepata shaba. Vijiti 1,000 vina ncha 2,000. Shaba 2,000 zina midomo 4,000. Kwa hiyo mdomo wowote wa shaba ukiuchungulia, uwezekano wa kukuta ncha ya kijiti ndani yake ni nusu. Simama sasa kwenye ncha ya kijiti, vuka shaba yake, utazame upande wa pili: nusu ya safari utakuta kijiti kingine, nusu utakuta patupu na mnyororo umeishia hapo. Matokeo yake, nusu ya minyororo ina kijiti kimoja tu, robo ina viwili, moja ya nane ina vitatu, na wastani ni vijiti viwili. Ndiyo ile picha ya dagaa, nukta kwa nukta.

Angalia kwamba nguvu ya bondi haimo popote katika hesabu hiyo. Tulishachukulia bondi haikatiki na bado wastani ni viwili. Ndiyo maana ushauri wangu wa kuongeza nguvu haukuzaa kitu. Hata nishati yenyewe haioni tofauti: vijiti elfu vikiwa mnyororo mmoja mrefu au vikiwa vimesambaratika kimoja kimoja na shaba zake, idadi ya bondi ni ile ile 2,000. Hakuna kinachovisukuma kushikana, na vitu visivyosukumwa hutawanyika.

Na ziada, yaani shaba zinazozidi idadi ya vijiti, ikipungua? Kanuni inakuja nyepesi ajabu: gawanya idadi ya shaba kwa ziada yake. Shaba 2,000 zina ziada ya 1,000, wastani ni 2. Shaba 1,100 zina ziada ya 100, wastani ni vijiti 11. Shaba 1,010 zina ziada ya 10, wastani unaruka hadi 101. Kwa hiyo ziada ya asilimia moja tu ndiyo inayokupa mnyororo wa vijiti mia, na kuongeza shaba tisini tu juu ya hapo kunaukata mpaka kumi na kimoja. Mpwa wangu aliirudia hesabu hii mara tatu kwa sababu hakuamini, na hakukosea kutoiamini mara moja.

Wataalamu wa plastiki wanalijua jambo hili tangu zamani. Wallace Carothers, mkemia wa DuPont ambaye kundi lake lilitengeneza nailoni mwaka 1935, aliliweka katika fomula inayobeba jina lake mpaka leo. Nailoni yao ilitokana na molekuli za aina mbili, kila moja ina ncha mbili, na aina moja ikizidi nyingine kidogo tu nyuzi zinatoka fupi na dhaifu. Njia yao ya kulinda usawa ilikuwa kuchanganya aina hizo mbili kwanza zitengeneze chumvi, ambamo moja kwa moja kila molekuli ya aina hii ina mwenzake wa aina ile. Wavuvi wanaovuta nyavu za nailoni pale Kirumba wanavuta, bila kujua, usawa wa ncha uliolindwa kiwandani.

Gundi iliyokauka

Tulidhani tumemaliza. Akaweka shaba 1,000 kwa vijiti 1,000, bondi 1.0, kelvini 300, akawasha. Minyororo ikarefuka kweli, lakini picha haikuwa ya kuridhisha. Vipande vya vijiti vinne, vitano, vilikuwa vimekwama kwa kupishana, kimoja kimelala, kingine kimesimama wima mbele yake kama gari lililoziba barabara. Humo katikati kulikuwa na vijiti vichache vitupu na shaba chache tupu, vinatafutana na haviwezi kupita. Akaacha kompyuta siku mbili nzima. Picha ya siku ya pili ilikuwa ile ile ya saa ya kwanza.

Hapa nililipa deni langu, maana safari hii niliona kabla yake. Nilikumbuka msumeno wa fundi. Bondi ya elektronivolti 1.0 kwenye kelvini 300 inakubali kukatika mara moja katika majaribio 60,000,000,000,000,000 hivi. Tuseme kompyuta yake inafanya majaribio milioni 10 kwa sekunde, na hiyo ni kuipendelea. Ingengoja karibu miaka 200 kuona bondi moja ikikatika. Kila kijiti kilichokwenda mahali pabaya kilikuwa kimepakwa gundi na kukaushwa papo hapo.

Cha ajabu ni kwamba juu ya shaba halisi, maabarani, bondi ya nguvu hiyo hiyo kwenye joto hilo hilo ni kitu hai kabisa. Atomi hutetemeka kama mara trilioni 10 kwa sekunde, na kila mtetemo ni jaribio la kutoka. Piga hesabu utaona bondi inakatika kila baada ya saa moja na robo tatu hivi. Ukiuacha uso huo usiku kucha, kila kiungo kimepata nafasi ya kujirekebisha mara kadhaa. Kwa hiyo kelvini 300 za kompyuta si kelvini 300 za maabara. Chenye maana ni nguvu ya bondi ikilinganishwa na joto, pamoja na idadi ya majaribio unayoweza kuyalipia. Anayenakili namba za maabara na kuziingiza kwenye kompyuta ndogo anaiga barafu.

Tukairudisha bondi kwenye 0.5. Tukaanza na kelvini 600, ambapo kwa kasi ile ile bondi zingekatika mamia kwa sekunde, vipande vinaruka tu na hakuna kinachodumu. Kisha tukashuka kelvini 20 kila hatua, tunangoja, tunashuka tena, mpaka 400, ambapo zinakatika tano hivi kwa sekunde. Kipande kifupi kilichoziba njia kikapata muda wa kuachia, kikajishika kwenye mnyororo mrefu wa jirani. Alikaa nayo mpaka saa nane usiku, akanitumia picha moja moja. Katika ile ya mwisho kulikuwa na mnyororo uliovuka zaidi ya nusu ya gridi, mstari mmoja mwekundu na bluu, mwekundu na bluu, na pembeni yake mingine miwili inaufuata sambamba. Sikulala mapema usiku ule.

Niseme jambo moja hapa ili asije mtu akategemea mnyororo usio na mwisho. Katika mstari, kukatika mahali pamoja kunagharimu bondi moja tu, ilhali mahali pa kukatikia ni pengi kadiri mnyororo ulivyo mrefu, na wingi huo wa nafasi una uzito wake. Kwa mnyororo wa viungo elfu moja, kwenye kelvini 300, uzito huo ni elektronivolti 0.18 hivi. Bondi yako isipouzidi kwa mbali, mnyororo utakatika hata ukiwa na subira ya nabii. Tofauti na kitambaa au donge, mstari hauna jirani wa pembeni wa kuushikilia.

Duka la soketi

Swali lililobaki lilikuwa langu, na lilinisumbua kuliko yote. Kama ziada ya asilimia kumi inatosha kuiharibu minyororo, watu wa maabara wanawezaje? Hakuna anayeweza kuhesabu atomi za shaba moja moja mpaka zilingane na molekuli. Wangekuwa wanafeli kila siku, na hawafeli.

Jibu lilikuwa limeshasemwa uani Igogo nasi hatukulisikia. Fundi alipomaliza alifunga soketi zilizobaki kwenye mfuko akamwambia dada, "Hizi mama nazirudisha dukani, nitakuletea chenji yako." Akihitaji soketi anachukua dukani, zikizidi anarudisha. Hakuna soketi inayobaki uani kuvuruga kazi.

Uso wa shaba halisi una duka lake. Hauko bapa wote, una ngazi, kila ngazi ina kimo cha atomi moja, na kwenye kingo za ngazi hizo atomi zimeshikwa na majirani wachache kuliko zile za katikati. Joto la kawaida linatosha kuzing'oa baadhi yake zikatembea juu ya uso, kisha zikarudi. Molekuli za bipiridini zikimwagwa pale, zinachukua shaba kutoka kwenye ukingo kadiri zinavyohitaji. Na mtu anapomwagia metali kutoka nje, kama chuma au kobalti, ile inayozidi haibaki kutangatanga kama nukta nyekundu za mpwa wangu. Atomi za metali zinapendana zenyewe kwa zenyewe, zinajikusanya visiwa visiwa au zinajibanza kwenye kingo. Metali inarudi dukani.

Katika programu yake shaba hazikuwa na mapenzi hayo. Aliziandika zishikane na vijiti tu, basi zikakosa pa kwenda isipokuwa kwenye ncha za watu. Kwa mtazamo wangu hili ndilo kosa kubwa zaidi kuliko lile la kugawa kwa mbili, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa namba na hili lilikuwa picha ya dunia isiyo na duka. Alipoongeza mvuto kidogo kati ya shaba na shaba, dhaifu kuliko bondi ya kijiti, akarudisha makusudi shaba 2,000 za mwanzo, minyororo ilirefuka na shaba za ziada zikajikusanya madonge mekundu pembeni. Kosa la mwanzo lilikuwa bado limo, lakini halikuwa na madhara tena.

Kuhusu ule upishanaji wa vipande, gridi ya mraba ina lawama yake. Mielekeo miwili ni sawa kwake, kwa hiyo nusu ya minyororo inakwenda huku na nusu kule, na lazima igongane. Kuna uso wa shaba ambao wataalamu huuita 110, na mtu wa Usukumani haitaji maelezo marefu kuuelewa: ni shamba la matuta ya viazi. Atomi zimejipanga kwa safu, nanomita 0.26 kutoka moja hadi nyingine ndani ya safu, lakini 0.36 kutoka safu hadi safu, na kati ya tuta na tuta kuna mfereji. Kitu kinachotembea juu yake huteleza kwa urahisi kufuata mfereji kuliko kuruka tuta. Uso wenyewe unaipa minyororo mwelekeo mmoja. Mpwa wangu ameshaanza kuiandika gridi hiyo, na nimemwonya aangalie kwanza kama hatua ya matuta inalingana na hatua ya nanomita 1.1 ya mnyororo, maana isipolingana shaba zitajikuta nusu juu ya tuta na nusu mferejini.

Kuna wanaotaka mnyororo usioachia kabisa, nao wanatumia mlango mwingine. Wanabandika bromini au iodini kwenye ncha za molekuli badala ya nitrojeni. Juu ya shaba halojeni hiyo inang'oka, kaboni inashika atomi ya shaba, na mnyororo wa kaboni, shaba, kaboni unajipanga kwa utulivu. Ukipasha zaidi, shaba inatoka katikati na kaboni mbili zinaungana moja kwa moja, jambo ambalo Fritz Ullmann alilionyesha kwa unga wa shaba tangu mwaka 1901, katika chupa za kawaida. Hiyo nayo ni gundi iliyokauka. Kila kitu kinachotakiwa kunyooka kinyooke kabla ya hapo, wakati shaba bado iko katikati na bado inaweza kuachia.

Aliuwasilisha mradi wake mwezi uliopita. Mwalimu mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akauliza swali lile lile: kijiti kina ncha mbili, kwa nini umeweka shaba moja? Mpwa wangu alichora ubaoni mabomba mawili na soketi moja katikati, akaeleza. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kisha akamwuliza tena: na kama metali inashika vijiti vitatu badala ya viwili, kama kobalti inavyofanya juu ya fedha ikasuka mtandao wa masega ya asali, hapo utaweka ngapi?

Alinyamaza kidogo, akihesabu kwa vidole pembeni ya ubao, midomo mitatu huku, ncha mbili kule. Kisha akaandika: vijiti vitatu kwa kobalti mbili.